Gari la Samaki Ndani ya Shamba la Mkonge: Uchambuzi wa Kisa cha Safari Iliyoachiwa Ramani ya Simu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu gari la mzigo lililokuwa likipeleka pweza na samaki kutoka diko moja (mahali pa kushushia samaki) la pwani ya Wilaya ya Pangani, upande wa kusini mwa mto, hadi kwenye chumba cha kugandisha kilichopo jijini Tanga. Majina ya watu, ya kampuni, ya kijiji na ya shamba yameondolewa, na mwaka hautajwi, ila msomaji ajue kwamba mambo haya yalitokea katika kipindi ambacho kila gari lililotoka Bweni kwenda Pangani mjini lilivuka kwa kivuko. Kimeandikwa kwa ajili ya waratibu wa safari, madereva na wenye magari ya mizigo, hasa wale ambao simu imekwisha kuwa kifaa chao cha kazi cha kila siku na hawakumbuki tena ni lini mara ya mwisho walimuuliza mtu njia.

Usuli

Kampuni husika ilikuwa ndogo, yenye Canter mbili na wafanyakazi wachache, na biashara yake ilifuata mwandamo wa mwezi. Wakati wa bamvua maji yanapotoka mbali na kuacha miamba wazi, wanawake na vijana wa vijiji vya pwani huingia kusaka pweza, na kwa siku hizo chache diko linakuwa na mzigo wa kutosha gari zima. Pweza na samaki walipangwa kwenye makasha pamoja na barafu iliyosagwa, kwa kadirio ambalo katika nchi za joto hupendekezwa kuwa kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kadirio hilo lilitosha kwa safari ya nusu siku. Halikupangwa kwa ajili ya kulala njiani.

Njia ya kawaida ilikuwa rahisi kuieleza: kutoka dikoni kwenda Bweni, kuvuka Mto Pangani kwa kivuko, kisha takriban kilomita 50 hadi Tanga. Kwa miaka mingi safari hizo zilifanywa na dereva mmoja mzee ambaye aliijua pwani yote ya kusini kwa msimu wake, yaani alijua wapi panapitika kiangazi na wapi hapapitiki masika. Alipostaafu hakuna aliyekaa naye kuandika alichokijua. Ofisini hilo halikuonekana kuwa pengo, kwa kuwa mratibu wa safari alikuwa amekwisha kuzoea programu ya ramani kwenye simu, na ndani ya jiji ilikuwa imemsaidia sana. Iliwapeleka madereva hadi kwenye mahoteli ya Raskazone na hadi kwa wateja wa Ngamiani, ambako mitaa hujulikana kwa namba zake, na ni nadra sana ilipowapoteza. Kazi ya kuweka vibao vya mitaa na namba za nyumba iliyofanyika nchini kuelekea sensa ya mwaka 2022 iliongeza imani hiyo, kwa sababu mteja aliweza kutaja anwani na gari likafika mlangoni.

Utaratibu wa ofisi ukajengwa juu ya imani hiyo. Mratibu alichagua njia kwenye kompyuta, akamtumia dereva kiungo kwa WhatsApp, na saa ya kufika iliyooneshwa na programu ndiyo aliyopewa mteja kama ahadi. Mafuta nayo yalitolewa kulingana na kilomita zilizooneshwa na programu, na dereva aliyepita njia ndefu zaidi alitakiwa kueleza sababu. Jambo hili la mafuta linaonekana dogo, lakini nitalirudia, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo lililosukuma maamuzi kuliko ramani yenyewe.

Dereva wa safari hii alikuwa mgeni pwani. Alikuwa ameendesha malori kwa miaka mingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ujuzi wake wa gari haukuwa na shaka. Pamoja naye walikuwapo utingo, kijana mzaliwa wa Pangani, na karani wa ununuzi, mwanamke aliyekuwa na jukumu la ubora wa mzigo.

Mfululizo wa matukio

Ilikuwa katikati ya masika. Gari lilitoka Tanga alfajiri likiwa na barafu, likavuka kwa kivuko asubuhi bila tatizo, na kufikia saa sita mchana mzigo wa takriban tani moja na nusu ulikuwa umekwisha kupimwa na kupangwa. Saa saba mchana wakala mmoja wa samaki aliyekuwa Bweni alipiga simu kumjulisha karani kwamba kivuko kimesimama kwa hitilafu, kwamba abiria wanavushwa kwa boti, na kwamba hakuna anayeweza kusema magari yataanza kuvuka saa ngapi.

Karani alimpigia mratibu. Kwa karibu saa nzima mazungumzo yalikwenda na kurudi kati ya dikoni na Tanga, na hatimaye ikaamuliwa kwamba gari lizunguke kwa bara, lipite kusini mwa mto hadi kwenye barabara kuu ya Chalinze–Segera, kisha lirudi Tanga kwa lami kupitia Segera na Muheza. Programu haikukubali mara moja. Kila mratibu alipoandika Tanga kuwa mwisho wa safari, ilimrudisha kivukoni, kwa kuwa kwenye ramani kivuko ni mstari kama mistari mingine na hakuna aliyeiambia kwamba leo mstari huo umekatika. Ilimlazimu aandike Segera kuwa mwisho wa safari ndipo ikamwonesha njia za bara. Zilikuwa mbili. Moja ilifuata barabara ya changarawe inayotumiwa na mabasi madogo na malori ya mazao. Ya pili iliiacha barabara hiyo mapema, ikakata katikati ya eneo lililoonekana kuwa na barabara nyingi zilizonyooka, na ilikuwa fupi kwa takriban kilomita 30 na kwa muda wa karibu saa moja. Mratibu alituma kiungo cha njia ya pili.

Kabla ya saa tisa gari lilifika mahali pa kuchepuka. Utingo alimwambia dereva, "Kaka, hiyo si barabara, hiyo ni njia ya matrekta ya mkonge." Dereva alimjibu, "Mdogo wangu, hii imetumwa na ofisi," na kwa kuwa mwanzo wa njia ulikuwa mpana na mkavu, hapakuwa na ubishi zaidi.

Baada ya kilomita chache walimkuta mama mmoja akitoka shambani na jembe begani. Dereva alisimamisha gari, akamwamkia kwa heshima inavyopasa, na akauliza, "Mama, njia hii inafika barabara kuu?" Mama akajibu, "Inafika, wanangu." Wakaendelea wakiwa na moyo mkunjufu kuliko mwanzo.

Kuanzia hapo maelezo ya watu watatu waliokuwa garini yanatofautiana kidogo juu ya saa na umbali, lakini yanakubaliana juu ya mwenendo wa mambo. Waliingia kwenye shamba la zamani la mkonge ambalo sehemu kubwa yake ilikuwa imeachwa. Njia zake zilikuwa zimenyooka na kukatana kwa pembe mraba, nyingi zikiwa zimefunikwa na majani hadi kwenye bampa. Kila walipokosa kuona mchepuko ulioelekezwa, kwa sababu ulikuwa umeota kichaka, programu ilitulia kidogo kisha ikatoa njia nyingine, na hiyo nayo ilikuwa na mstari wake kwenye ramani. Haikuwaambia hata mara moja kwamba njia imekwisha. Ilipokaribia saa kumi na moja mtandao ulipotea. Nukta ya buluu iliendelea kutembea, lakini chini yake ramani ilikuwa kijivu tupu, kwa kuwa hakuna aliyeipakua sehemu hiyo kabla ya safari.

Njia waliyokuwa nayo ilifika kwenye korongo lenye maji. Dereva alizima gari, akashuka, akatembea hadi ukingoni, na akaona nguzo za mawe za pande zote mbili zikiwa zimesimama bila chochote juu yake. Kalavati au daraja dogo lililokuwapo lilikuwa limeondoka zamani. Alirudi na kuamua kugeuza. Katika kugeuza, magurudumu ya nyuma yalitoka kwenye tuta gumu na kuingia kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, na gari likazama hadi kwenye ekseli. Ilikuwa imebaki kama saa moja jua lizame.

Utingo alitembea kwa miguu hadi kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mkonge, ambako bado kuna familia zinazoishi, akapata bodaboda, na kwa kupitia bodaboda akapata mwenye trekta. Gari lilivutwa usiku, kati ya saa nne na saa tano. Hawakutafuta tena njia ya mbele. Wenyeji waliwatangulia kwa pikipiki hadi kwenye barabara ya changarawe, wakarudi Bweni, wakalala foleni, na kuvuka kwa kivuko asubuhi. Kivuko chenyewe kilikuwa kimetengenezwa tangu jana yake jioni na kilivusha magari kadhaa kabla ya kufunga.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kutosubiri kivuko, ulikuwa na msingi. Barafu ilikuwa inayeyuka, hakuna aliyejua matengenezo yangechukua muda gani, na chumba cha kugandisha kilipokea mzigo mwisho saa nne usiku. Ni rahisi sasa kusema kwamba wangesubiri wangevuka siku ileile, lakini saa nane mchana habari hiyo haikuwapo, na uamuzi unapaswa kupimwa kwa kile kilichojulikana ulipofanywa.

Uamuzi wa pili ni wa kutovusha mzigo kwa boti. Karani alipendekeza makasha yavushwe kutoka Bweni na yapokewe na Canter ya pili upande wa Pangani mjini. Mratibu alikataa kwa sababu tatu: gari la pili lilikuwa Muheza kwa kazi nyingine, gharama ya boti na wapagazi isingerudishwa na mteja, na makasha yangefunguliwa na kubebwa mara nyingi. Sababu ya tatu ilikuwa ya kweli. Ya kwanza ilikuwa na ufumbuzi, kwa kuwa gari la Muheza lilikuwa huru kufikia saa kumi. Ya pili ilikuwa hesabu iliyofanywa nusu nusu, kwani gharama ya boti ilipimwa peke yake bila kuwekwa kando ya thamani ya mzigo.

Uamuzi wa tatu, wa kuchagua njia fupi, ndio kiini cha kisa. Alipoulizwa baadaye, mratibu alisema alichagua njia hiyo ili mzigo uwahi. Lakini kwa makadirio ya programu hiyohiyo, njia ndefu ingefika Tanga yapata saa mbili usiku, yaani saa mbili nzima kabla ya chumba kufungwa. Muda haukudai njia fupi. Kilichodai ni kilomita 30 za mafuta. Kwa hesabu ya kwenye karatasi, mratibu aliyetuma gari kwa njia ndefu angekuwa na jambo la kueleza mwisho wa mwezi, na aliyelituma kwa njia fupi hakuwa nalo.

Uamuzi wa nne, wa dereva kuendelea baada ya utingo kusema, hauwezi kutenganishwa na huo. Dereva alikuwa mgeni kazini. Kiungo kilichotoka ofisini kwake kilikuwa amri, na kurudi nyuma kungehesabiwa kuwa mafuta yaliyopotea.

Matokeo

Hakuna aliyeumia. Klachi iliungua wakati wa kujaribu kutoka kwenye tope na ikabidi ibadilishwe. Karani alikuwa ameweka barafu ya akiba kwenye kasha moja, na usiku kucha alikuwa akimwaga maji ya barafu iliyoyeyuka na kuhamisha barafu iliyobaki kwenye makasha ya pweza, akiwaacha samaki wa bei ndogo. Kwa kufanya hivyo aliokoa takriban theluthi moja ya pweza kwa daraja la kugandishwa. Waliobaki waliuzwa Pangani mjini asubuhi kwa wakaanga pweza, kwa bei ya kutupa, na sehemu ya samaki ilitupwa. Mteja aliyeahidiwa saa ya kufika alichukua mzigo wa bamvua iliyofuata kwa mtu mwingine.

Uchambuzi

Nukta ilikuwa sahihi

Jambo la kwanza ambalo watu walisema kisa hiki kiliposimuliwa ni kwamba simu iliwadanganya mahali walipo. Haikuwadanganya. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 20,000, na simu ya kawaida iliyo chini ya anga wazi huweza kujua mahali ilipo kwa kukosea takriban mita tano. Kazi hiyo haihitaji bando wala mnara, na ndiyo maana nukta iliendelea kutembea hata mtandao ulipokatika. Shamba la mkonge, lisilo na maghorofa wala miti mirefu, ni mahali pazuri mno kwa kazi hiyo.

Kilichokosea ni ramani iliyo chini ya nukta, na hivi ni vitu viwili vyenye asili mbili. Nukta inapimwa kila sekunde. Mstari wa barabara ulichorwa na mtu au na kompyuta siku moja, labda miaka iliyopita, na hakuna anayeupima tena mpaka mtu alalamike. Hatari yake ni kwamba usahihi wa cha kwanza humwazima cha pili heshima isiyo yake. Dereva alieleza hivi: kila alipokata kona aliona nukta nayo inakata kona palepale, na hilo lilimthibitishia kwamba ramani inajua inachosema. Alichothibitishiwa ni kwamba yupo pale alipo. Uwepo wa daraja mbele haukuwa umethibitishwa na yeyote.

Mkonge unavyoonekana kutoka juu

Makosa ya ramani katika sehemu hii ya nchi hayatawanyiki ovyo. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa kilimo, na kwa muda wa zaidi ya nusu karne uliofuata mashamba makubwa yalienea kuanzia pwani hadi Korogwe. Uzalishaji wa nchi ulipita tani 230,000 mwaka 1964, kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni na mashamba mengi yakaanguka. Kilichobaki ardhini ni mpangilio wake. Vitalu vilipimwa kwa kamba, njia kati yake zikanyooka, na katika mashamba mengi kulikuwa na reli ndogo za trola zilizosomba majani kwenda korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, ambako yalichunwa singa (nyuzi).

Mtu anayechora ramani kwa kutazama picha za setilaiti, akiwa ameketi mji mwingine au nchi nyingine, huona mistari hiyo imenyooka na myeupe kuliko barabara halisi ya kijiji inayopinda kufuata minazi na mikorosho ya watu. Kwa jicho lake mstari ulionyooka ndio barabara bora. Tuta la reli ya trola iliyong'olewa zamani halitofautiani na njia ya gari linapoonekana kutoka juu. Hata kalavati lililoanguka halionekani, kwa sababu juu ya korongo kuna miti inayofunika. Ndiyo kusema kwamba katika ukanda wa mkonge, ramani hukosea zaidi palepale inapoonekana nadhifu zaidi. Nguzo za mawe alizoziona dereva, kwa maelezo ya watu wa kambini, zilikuwa za trola.

Ramani huria kama OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, zina nafasi ya kuandika kama mstari ni njia ya shamba au barabara, kama una lami, changarawe au udongo, na kama hupitika mwaka mzima. Mchoraji asipojaza nafasi hizo, programu ya kutafuta njia hujaza yenyewe kwa kubahatisha mwendo kulingana na aina ya mstari. Programu za kampuni kubwa husaidiwa na simu za wasafiri waliotangulia kujua mwendo halisi wa barabara, msaada ambao ni mkubwa mjini Dar es Salaam na ni karibu na sifuri mahali ambapo hapapiti gari. Hesabu yenyewe ya njia fupi haina kasoro. Kanuni yake maarufu ilichapishwa na Edsger Dijkstra mwaka 1959 na inafanya kazi kila mara, ila inatafuta njia fupi kati ya mistari iliyopewa, kwa gharama ilizoambiwa. Ikiambiwa kwamba mistari miwili imeungana juu ya korongo, itapita juu ya korongo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo madereva wa mizigo hulisahau. Programu nyingi za simu zimetengenezwa kwa ajili ya gari dogo. Haziulizi uzito wa mzigo wala kama kuna mahali pa kugeuzia gari refu.

Kwa nini walizidi kuzama

Programu ya ramani ikikosewa mchepuko hutafuta mwingine, na mjini tabia hiyo ni neema. Ndani ya shamba lenye mamia ya njia zinazokatana, tabia hiyohiyo iliwavuta ndani zaidi, kwa kuwa kila kosa lilipata jibu papo hapo. Kama pangekuwa na njia moja tu na ikafungwa, wangerudi mapema. Wingi wa njia za uongo uliwanyima ile dalili ya kwamba wamefika mwisho. Mratibu naye, aliyekuwa akitazama nukta yao kwenye kompyuta, aliona wanasogea na akatulia. Kusogea hakukuwa kukaribia, na skrini yake haikumwonesha tofauti hiyo.

Swali lililoulizwa

Wapo watakaosema kwamba laiti wangewauliza wenyeji yasingewakuta. Waliuliza. Hapa ndipo kisa hiki kinaponivutia kuliko vingine vya aina yake, kwa sababu mama aliyejibu "inafika" hakusema uongo. Yeye hufika barabara kuu kwa njia hiyo kwa miguu, na vijana wake hufika kwa bodaboda wakivuka korongo kwenye kivuko cha mawe. Swali halikutaja gari, na aliyeulizwa aliona wageni wenye adabu wanaotaka kusikia ndiyo. Katika mila zetu si rahisi kumvunja mgeni moyo kwa swali alilokwisha kulijibu mwenyewe.

Swali linalofaa huomba habari ya jambo lililotokea, si maoni: gari la mzigo lilipita hapa mwisho lini? Lilikuwa la nani? Mvua zilizopita lilipitia wapi? Majibu ya maswali hayo hayawezi kuwa "ndiyo" ya adabu. Mama yule angesema hajaona lori tangu kabla ya masika, au hajaona kabisa, na safari ingeishia pale.

Aliyekuwa na jibu bila kuulizwa ni utingo. Alisema mara moja, akanyamaza. Katika gari la mzigo utingo hupanga, hufunga turubai na huangalia nyuma, na neno lake juu ya njia halina uzito hata kama njia hiyo inapita karibu na kwao. Kampuni ilikuwa imemwajiri mtu anayeijua nchi na kumweka mahali ambapo ujuzi wake hauhesabiki.

Kilichofanya kazi

Dereva hakujaribu kuvuka korongo. Alishuka, akatembea, akaangalia kwa macho, na hilo ndilo lililozuia kisa hiki kiwe cha msiba. Karani alikuwa na barafu ya akiba ambayo utaratibu haukumtaka awe nayo. Habari ya kivuko ilifika mapema kwa sababu wakala wa Bweni alikuwa na mazoea ya kupiga simu, na hakuna programu ambayo ingeleta habari hiyo. Na waliowatoa gizani ni watu wa kambi, ambayo kwenye ramani ilikuwa eneo tupu lisilo na jina.

Mabadiliko yaliyofuata

Kampuni haikuacha kutumia simu, na ingekuwa upuuzi kuacha. Ilianza kupakua ramani ya eneo zima kabla ya safari ili isitegemee mtandao, na ilianza kutofautisha safari za mjini, ambako kiungo cha programu kinatosha, na safari za kusini mwa mto na za mashamba ya bara, ambako njia huthibitishwa kwa simu kwa mtu aliye njiani: mwenyekiti wa kitongoji, mwenye duka, au dereva wa basi dogo. Kwa barabara zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mratibu sasa huuliza ofisi ya wilaya wakati wa masika kabla ya kupanga safari za bamvua. Mafuta hutolewa kwa njia iliyothibitishwa, si kwa njia iliyo fupi, na dereva akigeuza gari kwa sababu ya hali ya barabara hatakiwi kuomba ruhusa kwanza. Kipengele hiki cha mwisho kilipingwa na mwenye kampuni kwa muda, akihofia kwamba madereva watakitumia vibaya. Alikubali baada ya kupiga hesabu ya klachi.

Dereva mzee aliyestaafu aliitwa na kulipwa kwa kukaa na vijana na kusimulia njia, na maelezo yake yakaandikwa kwenye daftari: jina la njia kwa wenyeji, gari la mzigo lilipita mwisho lini, nani alithibitisha, na msimu gani. Utingo ndiye aliyepewa daftari hilo kulitunza. Makosa ya shamba lile yaliripotiwa pia. Kwenye ramani huria njia zilizofungwa zilirekebishwa na mtu mmoja wa ofisini aliyejifunza kuhariri, na mabadiliko yakaonekana baada ya muda mfupi. Kwenye programu waliyokuwa wakiitumia ripoti ilipokelewa kwa ujumbe wa shukrani, na hadi maelezo haya yalipokusanywa mstari juu ya korongo ulikuwa bado upo.

Daftari nalo lina udhaifu uleule wa ramani, kwa kuwa lililoandikwa kiangazi huendelea kusomeka vizuri masika. Kwa hiyo walikubaliana kwamba maelezo yoyote ambayo masika moja imepita juu yake yapigwe mstari wa penseli, na hayatumiki mpaka mtu apige simu na kuandika tarehe mpya.